Lumbesa ya Mistari

Mkulima wa viazi anayeuza shambani anaijua lumbesa vizuri. Gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha linashonewa kilemba juu, viazi vinaongezwa humo mpaka mzigo unaota shingo na kichwa, halafu mnunuzi anatoa fedha za gunia moja. Bei haijaguswa hata senti. Kilichoguswa ni gunia. Ndiyo maana Sheria ya Vipimo ya Tanzania, Sura ya 340, pamoja na Wakala wa Vipimo anayeisimamia, haihangaiki na shilingi alizotoa mnunuzi. Inahangaika na uzito wa kilichobebwa. Watu wanaonukuu sauti na kuiweka katika maandishi wanafanyiwa lumbesa hiyohiyo mwezi baada ya mwezi, na wengi hawaioni kwa sababu macho yao yote yameelekezwa kwenye bei.

Kazi yenyewe imeenea kuliko inavyosemwa. Mtafiti wa afya anarudi kutoka vijijini na mahojiano 40 kwenye simu yake. Mtengeneza filamu ana saa nyingi za picha zinazohitaji maandishi. Shirika limeendesha mijadala ya vikundi katika kata sita na mfadhili anataka kila neno lililosemwa. Kampuni inayofundisha kompyuta kusikia Kiswahili inahitaji maelfu ya vipande vya sauti vyenye maandishi yake. Wote wanamtafuta mtu mwenye sikio jema, avae hedifoni, asikilize, arudishe nyuma, aandike, asikilize tena. Mtu huyo mara nyingi si mwajiriwa wa yeyote. Anapewa faili, anarudisha hati, analipwa kwa alichoandika. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inaitambua kazi ya kipande, ile ambayo malipo yake hutegemea kiasi cha kazi iliyofanyika bila kujali muda uliotumika. Tafsiri hiyo ni fupi, lakini imeacha swali zima mikononi mwa wanaopatana: kiasi hicho kinapimwa kwa nini? Kwa dakika za rekodi, kwa maneno, kwa kurasa, au kwa mistari? Ninachodai katika safu hii ni kwamba kipimo kikubaliwe kabla bei haijatajwa, na kwamba kwa Kiswahili kinachoandikwa kutoka kwenye sauti tangu mwanzo, kipimo chenye haki zaidi ni mstari wa herufi zilizohesabiwa. Dakika na neno, vinavyotumika sana huku kwetu, vinamwibia mmoja wa wapatanaji, na kwa kawaida anayeibiwa ni mnukuzi.

Hospitali za Marekani ndizo zilizougeuza mstari kuwa sarafu ya kazi hii. Kwa miongo mingi daktari alimaliza kumwona mgonjwa, akasema maelezo yake kwenye kinasa sauti, na mtu mwingine, mara nyingi mwanamke anayefanya kazi nyumbani kwake, akayageuza kuwa ripoti na kulipwa kwa mstari. Mstari uliozoeleka ni wa herufi 65, na namba hiyo asili yake ni karatasi: taipureta ya kawaida ilipiga herufi 10 kwa inchi, karatasi ya Marekani ina upana wa inchi 8.5, ukiacha inchi moja kila upande unabaki na inchi 6.5. Mtu angedhani suala limekwisha hapo. Halikwisha. Waajiri wengine walihesabu kila mstari uliokaa kwenye karatasi, hata wenye neno moja tu. Wengine walijumlisha herufi zote za hati na kuzigawa kwa 65. Mwaka 1993 chama cha wanukuzi wa tiba cha nchi hiyo kiliunga mkono tafsiri iliyohesabu hata mibonyezo isiyoonekana, kama ile ya kukoleza maandishi au kuyapigia mstari chini. Mantiki ilikuwepo, kwa kuwa kidole kimefanya kazi. Tatizo ni kwamba mteja hakuwa na njia ya kuikagua hesabu hiyo, maana mbonyezo hauachi alama kwenye karatasi. Mwaka 2007 kikosi cha pamoja cha vyama viwili, AHIMA cha wasimamizi wa taarifa za afya na MTIA cha kampuni za unukuzi wa tiba, kikapendekeza zihesabiwe herufi zinazoonekana tu: kila herufi, tarakimu na alama ya uandishi iliyochapwa, bila nafasi tupu na bila mapambo.

Nafasi tupu. Inaonekana jambo dogo mpaka utakapochukua kalamu. Tuseme hati ya Kiswahili ina herufi 13,000 pamoja na nafasi, na nafasi peke yake ni 1,900. Ukihesabu zote na kugawa kwa 65 unapata mistari 200. Ukiziondoa nafasi unabaki na herufi 11,100, ambazo ni mistari 171 kasoro kidogo. Sasa waje wateja wawili: wa kwanza analipa shilingi 100 kwa mstari unaohesabu nafasi, wa pili analipa shilingi 110 kwa mstari usiohesabu. Mnukuzi asiyeuliza atamkimbilia wa pili na kushukuru kwa nyongeza ya shilingi kumi. Wa kwanza atamlipa 20,000. Wa pili atamlipa takriban 18,785, kwa hati ileile, kwa sauti ileile, kwa maumivu yaleyale ya mgongo. Hakuna aliyedanganya, maana neno “mstari” lilitajwa na pande zote mbili. Lilikuwa tu halijapimwa. Na hapo sijafika kwenye mahojiano, ambako kila anapobadilika msemaji huandikwa jina lake. “Mhojaji” pamoja na nukta mbili na nafasi inayofuata ni herufi 9, na “Mhojiwa” vilevile. Mahojiano yenye zamu 300 za kusema yanabeba herufi 2,700 za majina hayo tu, zaidi ya mistari 41. Je, inalipwa? Mteja atasema mnukuzi ameweka jina kwa kubonyeza kitufe kimoja. Mnukuzi atasema kumtambua nani anasema, hasa wakisema kwa pamoja, ndiyo sehemu ngumu ya kazi. Nadhani mnukuzi ana haki, lakini hata mteja akishinda, heri ashinde kabla kazi haijaanza.

Ugomvi huu ni mkongwe, wala haukuzaliwa na kompyuta. Wagiriki na Warumi wa kale waliwalipa waandishi kwa mstari, na mapema sana waligundua kwamba mstari wa kwenye gombo haufai kuwa kipimo, kwa sababu mwandishi mmoja huandika kwa herufi nene na mwingine nyembamba, na safu moja ni pana kuliko nyingine. Wakachukua mstari wa mashairi ya Homer, wenye silabi 15 au 16 hivi, wakaufanya kuwa kizio cha kuhesabia maandishi yoyote, hata yasiyo mashairi. Amri ya bei ya mfalme Diocletian ya mwaka 301 imepanga ujira wa waandishi kwa kila mistari 100: dinari 25 kwa maandishi ya daraja la juu, 20 kwa daraja linalofuata, na 10 kwa mwandishi wa hati na maombi ya kisheria. Amri hiyo ilishindwa kuzizuia bei, kama amri nyingi za aina yake. Mpangilio wake ndio unaonigusa: kipimo ni kimoja, mistari 100, na bei ni tatu. Ugumu na ubora vimewekwa kwenye bei, wala havikuachwa vipenye ndani ya kipimo. Kisha kuna orodha ya vitabu vya Biblia ya karne ya 4, ambayo mwanahistoria Theodor Mommsen aliigundua mwaka 1885 na ambayo wataalamu wengi wanaihusisha na Afrika ya Kaskazini. Aliyeitunga anaeleza kwamba hesabu za mistari hazikuwa wazi katika jiji la Roma, na kwingineko hazikuwa kamili kwa sababu ya uchoyo. Kwa hiyo ameamua kuhesabu mwenyewe, kitabu kwa kitabu, kwa mstari wa mshairi Virgil wenye silabi 16. Miaka zaidi ya 1,600 imepita, na mtu huyo angeelewa mara moja ubishi wa nafasi tupu.

Silabi 16. Msomaji aliyelelewa na shairi la Kiswahili ameshashtuka. Mshororo wa shairi letu la kawaida ni mizani 16, nane katika kipande cha kwanza na nane katika cha pili, na neno tulilolichagua kwa silabi ya ushairi ni jina la chombo cha kupimia uzito sokoni. Lugha yetu ilishajua kwamba maneno hupimwa kwa vipande vidogo vilivyo ndani yake, si kwa idadi yake. Ndiyo maana nashangaa kuona wateja wengi, hasa wanaoagiza kazi kutoka ng’ambo, wakilipa Kiswahili kwa neno, na sisi tukikubali. Kiswahili kinabeba ndani ya neno moja kile ambacho Kiingereza kinakisambaza kwenye maneno matano au sita. “Hatukuwaambia kwamba watakaporudishwa watalipiwa nauli” ni maneno matano. Kiingereza kitataka maneno kama 15 kusema jambo hilo. Sentensi hiyo ya Kiswahili ina herufi 54 ukihesabu nafasi, karibu mstari mzima wa 65. Anayelipwa kwa neno ameandika karibu mstari mzima na kupokea ujira wa maneno matano, kwa kiwango ambacho mara nyingi kimenakiliwa kutoka kwenye jedwali la kazi za Kiingereza. Ukimlipa kwa herufi, neno refu linajilipia lenyewe. Mfasiri naye anaguswa na hoja hii, hasa hesabu inapofanywa kwenye matini ya Kiswahili, ila huyo anastahili safu yake.

Dakika ya rekodi ina sura ya haki kuliko neno. Inajulikana kabla ya kazi, haibishaniwi, saa ya kwenye faili haipendelei mtu. Lakini dakika inapima muda ambao watu walizungumza, na mnukuzi hakuzungumza, yeye aliandika. Chukua rekodi mbili za saa moja. Katika ya kwanza mzee anasimulia historia ya ukoo wake kwa utulivu, anakohoa, ananyamaza akitafuta jina, na mwishowe hati ina herufi 32,500, yaani mistari 500. Katika ya pili vijana wanajadiliana redioni kuhusu soka, hakuna anayevuta pumzi, na hati ina herufi 52,000, mistari 800. Mteja analipa shilingi 1,000 kwa dakika, 60,000 kwa kila rekodi. Kwa mzee mnukuzi amepata shilingi 120 kwa mstari. Kwa vijana amepata 75. Mteja mwenyewe hakukusudia kumlipa kidogo kwa kazi kubwa zaidi, na hakuna anayeweza kueleza kwa nini iwe hivyo, isipokuwa kwamba ndivyo saa ilivyosema.

Hapa anasimama mpinzani mwenye hoja nzito kuliko wote, nami nampa nafasi yake. Atasema: mstari unapima vidole, wakati kazi ya kunukuu kwa sehemu kubwa ni ya masikio. Mjadala wa kikundi umefanyika darasani chini ya bati, mvua imeanza kunyesha dakika ya tano, wanawake wanane wanasema kwa kupokezana na kukatizana, simu ya kurekodia imewekwa karibu na mtu asiyesema chochote. Mnukuzi anarudia sekunde kumi mara sita na kuambulia nusu mstari. Kwa herufi atalipwa ujira wa nusu mstari. Huu ni ukweli, na anayeutetea mstari bila kuujibu hajawahi kufikiria rekodi mbaya. Jibu langu ni lile la amri ya mwaka 301: kipimo kibaki kimoja, bei ziwe kadhaa. Sauti safi ya wasemaji wawili iwe na bei yake. Kikundi, kelele, istilahi za kitabibu au za kisheria, Sheng ya Nairobi au Kiswahili cha Lubumbashi kilichochanganyika na Kifaransa, viwe na bei ya juu, na daraja liamuliwe kwa kusikiliza sampuli, si kwa kuamini barua ya mteja. Juu ya hayo iwekwe sakafu: kila dakika ya rekodi ilipwe kwa kiasi kisichopungua mistari sita, hata kama imetoka mitatu. Sakafu hiyo inamlinda mnukuzi dhidi ya mvua ya bati, na inampa mteja sababu ya kununua kinasa sauti kizuri na kukiweka mahali panapostahili. Kwa dakika, gharama ya rekodi mbaya inabebwa na mnukuzi peke yake, na aliyeiharibu hajui hata kwamba kuna gharama.

Wengine wanahofia kwamba anayelipwa kwa mstari atarefusha. Hofu hii nayo ina historia, tena chungu. Mwaka 1596, katika kesi ya Mylward na Weldon mbele ya mahakama ya Chancery ya Uingereza, hati ya majibu ilijazwa karatasi 120 wakati, kwa maoni ya mahakama, 16 zingetosha. Aliyeitunga, mtoto wa mlalamikaji, aliamriwa apelekwe Westminster Hall, hati itobolewe tundu katikati, kichwa chake kipitishwe humo, azungushwe mbele ya mahakama zilizokuwa zikiendelea huku maandishi yakining’inia mabegani mwake, kisha akatozwa faini. Lakini huyo alikuwa anatunga. Mnukuzi hatungi, ana sauti inayomfunga, na mteja ana sauti hiyohiyo ya kumkagulia. Akiongeza sentensi isiyosemwa amefanya kosa linaloonekana ndani ya dakika mbili za ukaguzi. Mwanya uliopo kweli ni wa “eee”, “yaani, yaani” na maneno yanayokatikia njiani: yaandikwe au yaachwe? Uamuzi huo ni wa mteja, kulingana na matumizi ya hati. Mtafiti wa lugha anayataka yote. Mhariri wa gazeti hataki hata moja. Uandikwe kwenye makubaliano, na mwanya utafungwa. Kwa upande mwingine, anayelipwa kwa dakika ana kishawishi kinyume chake, nacho ni kibaya zaidi kwa mteja, kwa kuwa hakiachi dalili. Kila sentensi ngumu anayoiacha na kuweka mabano yenye neno “haisikiki” inamwokolea muda bila kumpunguzia senti. Maneno yaliyozidi mtafiti anaweza kuyafuta. Ushahidi wa mama mjamzito uliofichwa nyuma ya neno moja la mabano hatajua kamwe kwamba ulikuwepo.

Kuhusu bajeti, nitasema kwa kifupi. Mteja anayeandika ombi la fedha anajua ana saa 60 za sauti na hajui zitatoa mistari mingapi, kwa hiyo anapendelea dakika. Sawa, lakini makadirio ni kazi ya dakika chache. Inukuliwe sampuli ya dakika tano kutoka katikati ya rekodi, kwa kuwa mwanzo huwa ni salamu na utambulisho. Ikitoa herufi 3,250, hiyo ni mistari 50, na saa nzima itatoa kama 600. Zichukuliwe sampuli tatu au nne badala ya moja, iongezwe akiba kidogo, iwekwe kikomo ambacho mnukuzi hatakivuka bila idhini. Hesabu ya mwisho haina ugomvi, kwa kuwa programu za kuandikia, Microsoft Word ikiwa mojawapo, zinaonyesha herufi pamoja na nafasi na bila nafasi kwa kubofya mara moja. Kitu kimoja tu cha kukumbuka: Word haihesabu kilichoandikwa kwenye kichwa na mguu wa ukurasa, hivyo asiyetaka kupoteza taarifa za mahojiano aziweke ndani ya matini.

Bei sasa. Wanukuzi wengi huanzia kwa wenzao: fulani anatoza 80, basi mimi 75. Mahali pa kuanzia ni saa ya kazi, na saa hiyo ianzie kwenye mwezi. Tuchukue mnukuzi wa Morogoro anayetaka abaki na shilingi 900,000 kwa mwezi. Umeme, vifurushi vya intaneti, hedifoni zinazokufa kila baada ya miezi michache na kompyuta ambayo siku moja itahitaji kubadilishwa, tuseme 150,000. Mteja aliye kampuni humkata kodi ya zuio ya asilimia 5, ambayo nchini Kenya pia hukatwa kwenye ada za kitaalamu, na hata kama hesabu ya mwisho wa mwaka itaitambua, mfukoni mwa mwezi huu haipo. Kwa hiyo anahitaji kutoza kama shilingi 1,105,000. Akigawa kwa saa 160 au 180 za mwezi atajidanganya, kwa sababu hatalipwa saa hizo zote: anatafuta kazi, anatuma sampuli, anafuatilia malipo, umeme umekatika, mteja ameahirisha. Saa 90 za kulipwa ni makisio yasiyo na ndoto. Anahitaji basi karibu shilingi 12,280 kwa saa. Kasi yake lazima aipime mwenyewe, kwa hati kamili, akijumlisha kusikiliza mara ya pili na kusahihisha. Desturi ya fani inasema saa moja ya sauti safi inakula saa nne za kazi au zaidi. Ikitoa mistari 500 kwa saa nne na nusu, ni mistari 110 kwa saa. Bei yake ni shilingi 112 kwa mstari wa herufi 65 unaohesabu nafasi, kwa sauti safi. Chini ya hapo anaila kompyuta yake. Atakaposikia mwingine anatoza 75, swali la kwanza ni kama mstari wa huyo ni huu wake, na mara nyingi atakuta si huu.

Mwanzoni nilisema “kinachoandikwa kutoka kwenye sauti tangu mwanzo”, na nilifanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu kazi ya aina nyingine inakuja kwa kasi. Google iliongeza Kiswahili kwenye huduma yake ya kuandika kwa sauti mwaka 2017. Septemba 2022 ilitoka Whisper ya kampuni ya OpenAI, iliyofundishwa kwa saa 680,000 za sauti, nyingi zikiwa za Kiingereza, na Kiswahili kimo kati ya lugha zake. Mteja sasa anakuja na rasimu mkononi na kusema mashine imeshamaliza, rekebisha tu. Wamarekani waliyapitia haya kabla yetu: mashine ilipoanza kutoa rasimu za ripoti za madaktari, mnukuzi akafanywa mhariri na mstari wake ukalipwa mara nyingi karibu nusu ya bei ya zamani. Kosa hapo halikuwa nusu, kwani pengine nusu ilitosha kwa rasimu nzuri. Kosa lilikuwa kuendelea kuhesabu mistari. Mistari ile haikuandikwa na mhariri. Alichofanya ni kusikiliza, na usikilizaji haupungui rasimu inapokuwa nzuri. Rekodi ya dakika 60 haikaguliwi kwa chini ya dakika 60, labda sauti iharakishwe, na hapo ndipo makosa yanapopita.

Na makosa ya Kiswahili ni madogo kwa umbo na makubwa kwa maana. Kati ya “atalipwa” na “hatalipwa” kuna herufi moja, tena herufi ambayo wasemaji wengi huimeza. “Alimpiga” na “alipiga” zimetenganishwa na sauti moja inayotoka midomo imefungwa. Mashine ikikosea hapo, sentensi inabaki sahihi kisarufi, haina mstari mwekundu chini yake, na shahidi amesema kinyume cha alichosema. Mhariri anayeigundua amesikiliza mara tatu au nne na kuongeza herufi moja. Kwa mistari amefanya sehemu moja ya sitini na tano ya mstari. Kwa hiyo kwenye uhariri wa rasimu za mashine mimi namrudia yule niliyembishia, naye ni dakika, yenye bei inayotoka kwenye saa ileile ya 12,280. Mhariri akitumia saa mbili na nusu kwa saa moja ya sauti, dakika ya rekodi ni kama shilingi 512. Mstari ni wa kuandika, dakika ni ya kusikiliza, na mteja anayetaka kuchanganya viwili hivyo achague kwanza anachonunua.

Nani aupime mstari wetu? Jibu la haraka ni chama kinachopanga bei, nalo ni jibu la hatari. Mwaka 1997 tume ya biashara ya serikali ya Marekani ilikikuta chama cha kimataifa cha wakalimani wa mikutano, AIIC, na hatia ya kupanga ada za wanachama wake, na sheria za ushindani za Tanzania na Kenya nazo zinakataza washindani kukubaliana bei. Kukubaliana kipimo ni jambo jingine, na ndilo tunaloweza kulifanya kesho. Mabaraza ya Kiswahili, BAKITA la taifa la Tanzania na BAKIZA la Zanzibar, ambayo tayari yanasimamia usanifu wa istilahi, yanaweza kukaa na wanukuzi wa Kenya na Tanzania na kuandika ukurasa mmoja: nafasi inahesabiwa, jina la msemaji linahesabiwa, alama ya “haisikiki” haihesabiwi, mapambo hayahesabiwi. Hata 65 si lazima. Namba hiyo ilizaliwa na karatasi ya Marekani. A4 yetu, ukiacha inchi moja kila upande, ingetoa 62. Mimi ningechagua 60, kwa sababu inagawika kirahisi na kila mtu anaweza kuikagua kichwani. Mnukuzi wetu wa Morogoro hatapoteza kitu: shilingi 112 kwa mstari wa 65 ni shilingi 103 na senti kadhaa kwa mstari wa 60, ilimradi mteja na yeye wanasoma ukurasa mmoja.